Kwa nini Viola hamalizi mchezo akiwa na gauni lake?

#1 Kibaraza cha Tatu

Wakuu, salaam.

Tuweke mezani komedia tatu za Shakespeare ambazo ndani yake msichana anavaa kiume. Katika The Merchant of Venice, Portia anajifanya mwanasheria kijana, anashinda kesi, anarudi Belmont kuwa mke. Katika As You Like It, Rosalind anaishi msituni kwa jina la Ganymede, na mwishoni anatokea na nguo za kike, baba anamtambua, ndoa zinafungwa. Sasa njooni Twelfth Night. Viola ameokoka kwenye ajali ya meli, anavaa kiume, anajiita Cesario, anakuwa mtumishi wa Mtawala Orsino. Siri inafichuka, Orsino anaamua kumuoa, anamwambia: nikuone basi katika mavazi yako ya kike. Hamwoni. Mchezo unaisha Viola yumo ndani ya suruali na Orsino bado anamwita Cesario.

Sababu tunayopewa ni kwamba gauni liko kwa nahodha aliyemwokoa, na nahodha yuko kifungoni kwa mashtaka ya Malvolio, msimamizi wa nyumba ya bibi Olivia. Huyo nahodha tulimwacha Sehemu ya Kwanza, Onyesho la Pili. Kesi yake haijatajwa popote. Ghafla dakika za mwisho tunaambiwa amefungwa, na gauni limefungwa naye.

Mimi nasema hilo lilikusudiwa, na sababu yake ni ya kimaana. Orsino alimzoea na kumpenda Cesario miezi mitatu kabla hajasikia jina Viola. Mwandishi hataki kumtoa Cesario tuliyemzoea na kutuletea mwanamke mgeni dakika mbili kabla ya wimbo wa mwisho. Karibuni.

#2 Pini na Uzi

Mkuu Kibaraza, kabla ya maana tuangalie kazi ya kuvaa.

Vazi la mwanamke wa tabaka la juu Uingereza mwaka 1600 halikuwa nguo moja ya kuingiza kichwani. Inaanza shimizi ya kitani. Juu yake kizibao kigumu cha kubana kifua na kiuno, kinachokazwa kwa kamba tundu kwa tundu. Kiunoni pete nene iliyoshindiliwa, au fremu ya vitanzi ya kutanua sketi. Kisha sketi ya ndani, kisha gauni lenyewe. Mikono ya gauni mara nyingi ilikuwa vipande vya peke yake, inafungwa mabegani kwa vikamba. Mwisho kola ya marinda iliyotiwa wanga, na hiyo inashikizwa kwa pini, nyingi. Halafu nywele. Ukiruka tundu moja la kamba, kifua chote kinakwenda mshazari. Ukiharakisha kola, marinda yanalala upande mmoja na hayasimami tena mpaka yafuliwe na kutiwa wanga upya.

Na kabla ya kuvaa hayo unavua ya kiume: koti fupi la kubana lenye safu ya vifungo, na suruali iliyofungwa kwenye koti hilo kwa jozi za vikamba kuzunguka kiuno. Huwezi kushusha suruali bila kufungua vikamba.

Sasa angalia Rosalind. Anatoka jukwaani pamoja na binamu yake Celia mapema katika onyesho la mwisho, anarudi mistari kama 80 baadaye. Katikati kuna nini? Touchstone, mchekeshaji, anaeleza daraja saba za kumwambia mtu kuwa ni mwongo bila kufika kwenye upanga. Akimaliza, Jaques anamwomba azitaje tena kwa mpangilio, naye anazitaja zote saba upya! Hakuna tukio hata moja linalosogea. Ukihesabu mistari 20 kwa dakika, hizo ni dakika nne. Huo ndio muda wa wavalishaji wawili kumshughulikia kijana mmoja nyuma ya pazia.

Viola anaingia na Orsino mwanzoni mwa onyesho la mwisho na hatoki tena, mistari takriban 400. Hana hata nusu dakika ya kubadili. Ndiyo maana nahodha akafungwa. Maleba ndiyo yaliyoamua.

#3 Mgeni wa Jumanne

Naweka kambi hapa. Swali la haraka: "kijana" uliyemtaja hapo ni mwanafunzi wa uigizaji au mtoto? Na walikuwa wangapi kwenye kundi?

#4 Mwanagenzi

Mgeni, walikuwa wanagenzi kwa maana kamili ya neno, wenye mkataba. Makundi ya uigizaji hayakuwa na chama chao cha ufundi, kwa hiyo waigizaji waliokuwa wanachama wa vyama vingine vya London waliandikisha vijana kupitia huko. John Heminges wa kundi la Shakespeare alikuwa mwanachama wa chama cha wauza viungo na vyakula. Mwaka 1597 aliandikisha kwa njia hiyo Alexander Cooke, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji kamili wa kundi. Kwenye karatasi ni mwanafunzi wa duka, kazini ni mwigizaji.

Mkataba haukupungua miaka saba. Umri ulianzia miaka 12 au 13 na kwenda hadi 20, wengine 21. Kwa hiyo tuondoe picha ya mtoto wa miaka tisa anayekariri. Anayecheza Rosalind ana mistari karibu 700, mhusika wa kike mkubwa kuliko wote wa Shakespeare. Hiyo ni kazi ya kijana wa miaka 17 au 18 aliyekwisha iva.

Kuhusu fedha, Philip Henslowe, mwenye jumba la maonyesho, aliandika katika daftari lake kwamba tarehe 18 Desemba 1597 alimnunua kijana James Bristow kutoka kwa mwigizaji mwingine kwa £8. Baadaye alilidai kundi shilingi 3 kwa wiki kwa kazi ya kijana huyo. Fedha ilikwenda kwa Henslowe.

Idadi yao ioneni kwenye michezo yenyewe. Shakespeare anapenda jozi: Rosalind mrefu na Celia mfupi, Helena mrefu na Hermia mfupi wa A Midsummer Night's Dream, Beatrice na Hero mfupi wa Much Ado About Nothing. Maneno ya urefu yamo ndani ya mazungumzo. Aliandika akiwa na miili ya vijana wawili maalumu mbele yake.

#5 Kumbi Tatu

Mleta mada, sahihisho dogo. Michezo si mitatu. Ni mitano, na wanawake ni saba: Julia katika The Two Gentlemen of Verona, Portia na Nerissa na Jessica wote kwenye mchezo mmoja, Rosalind, Viola, na Imogen katika Cymbeline (huo hauhesabiki moja kwa moja kuwa komedia, ila mbinu ni ileile). Na Julia naye hamalizi akiwa na gauni. Anazimia, pete inamtoa siri, na mchezo unaisha akiwa bado amevaa kama mtumishi wa kiume. Kwa hiyo Viola si wa kwanza.

Mkuu Pini, wewe hata mapenzi unayapima kwa vifungo. Lakini hesabu ya mistari 80 nimeikubali.

#6 Kibaraza cha Tatu

Shukrani Kumbi Tatu, Julia nilimsahau. Hata hivyo kwa Julia hakuna anayeuliza gauni liko wapi. Kwa Viola linaulizwa, linatafutwa, linakosekana. Kama tatizo lilikuwa muda tu, mwandishi angenyamaza kama alivyonyamaza kwa Julia. Badala yake ametuonyesha pengo kwa kidole.

#7 Njia ya Siena

Habari zenu wadau. Mnamjadili Viola kana kwamba alizaliwa London. Huyu binti ametoka Italia.

Mwaka 1532, wakati wa kanivali, chama cha wasomi wa Siena kilichoitwa Intronati kilionyesha Gl'Ingannati, maana yake "Waliodanganywa". Lelia anavaa kiume, anajiita Fabio, anamtumikia Flamminio anayempenda, naye Flamminio anamtuma kwa Isabella, Isabella anampenda "Fabio", kisha kaka yake Lelia anatokea na kila kitu kinafumuka. Ndiyo Twelfth Night hiyo. Hadithi ikapita kwa Bandello, ikaenda Ufaransa kwa Belleforest, ikafika Uingereza mwaka 1581 kwa Barnabe Riche katika hadithi ya Apolonius na Silla.

Kabla ya hapo kuna La Calandria ya Bibbiena, iliyoonyeshwa Urbino Februari 1513. Pale ni pacha wawili, Santilla anayeishi kama mwanamume kwa jina la kaka yake Lidio, na Lidio mwenyewe anayevaa kike ili aingie nyumbani kwa mpenzi wake aliyeolewa. Mavazi yanakwenda pande zote mbili. Waingereza walichukua zaidi upande wa msichana kuvaa kiume. Mwanamume akivaa kike kwenye komedia zao, mara nyingi anapata kipigo: Falstaff kwenye The Merry Wives of Windsor anavalishwa kama bibi mnene wa Brentford na kutandikwa na Ford mpaka mlangoni, huku mchungaji mmoja akisema ameona ndevu chini ya shela.

Nyuma ya wote hao yupo Plautus wa Roma, na Menaechmi yake ya pacha waliofanana. Tarehe 2 Februari 1602 mwanafunzi wa sheria John Manningham aliiona Twelfth Night katika ukumbi wa Middle Temple, London, na akaandika kwamba inafanana na Menaechmi lakini zaidi na ile ya Kiitaliano iitwayo Inganni. Watazamaji waliijua asili yake.

#8 Pini na Uzi

Njia ya Siena umenipa risasi. Kwa Riche, Silla anathibitishaje kwamba ni mwanamke? Anafungua nguo hadi tumboni na kumwonyesha Julina matiti. Kwenye kitabu hilo linawezekana. Kwenye jukwaa la Globe aliye ndani ya koti ni kijana wa miaka 16, hakuna cha kufunua. Shakespeare amebaki na njia tatu: gauni, pete, au maneno. Rosalind kapewa gauni, Julia kapewa pete, na Viola kapewa maneno, yeye na kaka yake pacha Sebastian wanaulizana alama ya baba yao usoni na umri wa Viola siku baba alipokufa. Gauni alilolikosa Viola ni ushahidi ambao jukwaa halikuweza kuutoa kwa mwili.

Tena gauni lilikuwa mali. Mwaka 1603 Henslowe aliandika gauni moja la mahameli nyeusi kwa ajili ya mchezo A Woman Killed with Kindness kwa £6 na shilingi 13. Thomas Heywood, aliyeandika mchezo wenyewe, alilipwa £6. Nguo nyingine zilitoka kwa mabwana: Thomas Platter, msafiri Mswisi aliyefika London mwaka 1599, alieleza kwamba wakubwa walikuwa wakiwaachia watumishi mavazi yao, na watumishi kwa kuwa haikuwafaa kuyavaa wakawauzia waigizaji.

#9 Binti Sitaha

Kaka zangu, mmekaa sana kwenye kabati. Suala la majukumu ya mwanamke na mwanamume mmelirukia.

Someni tena Portia anapomkubali Bassanio. Anasema hadi sasa hivi alikuwa bwana wa jumba hili, bwana wa watumishi wake, malkia wa nafsi yake, na kuanzia sasa jumba, watumishi na yeye mwenyewe ni vya Bassanio. Hayo si maneno ya mapenzi pekee. Kwa sheria ya Uingereza, mke alipoolewa mali yake inayohamishika ilikuwa ya mume, na hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Portia anaihamisha milki yake mbele ya mashahidi, na anaifungia kwenye pete. Halafu anavaa joho la kiume, anaokoa maisha ya Antonio, rafiki wa Bassanio, na ujira anaoudai ni pete ileile. Bassanio anaitoa. Sehemu ya Tano yote Portia anatumia kosa hilo kurudisha sauti aliyoigawa Sehemu ya Tatu. Anaingia kwenye ndoa akiwa na deni mkononi la kumdai mume.

Na tazameni anavyomweleza mhudumu wake Nerissa jinsi yeye Portia atakavyokuwa mwanamume: atavaa jambia kwa madaha zaidi, atazungumza kwa sauti ya kati ya mtoto na mtu mzima, hatua mbili za kike atazifanya moja ndefu, ataongea habari za ugomvi na kusema uongo kuhusu wanawake waliomfia kwa mapenzi. Uanaume kwake ni orodha ya vitendo, kila kimoja kinafundishika. Anayeyasema hayo ni mvulana aliyefundishwa uanamke kwa orodha ya namna hiyohiyo! Katika The Taming of the Shrew yule bwana anamtuma mtumishi wake Bartholomew ajifanye mke wa mlevi Sly, na maelekezo yanafika hadi kitunguu: kifungwe ndani ya kitambaa, akishindwa kulia akikaribishe machoni. Kitunguu hicho kinanieleza mengi kuliko nadharia.

#10 Mzee wa Kola

Dada Sitaha umenena. Lakini mimi sioni ukombozi. Portia anarudi nyumbani, Rosalind anajitoa kwa baba kisha kwa mume kwa maneno yaleyale, "kwako najitoa, kwa kuwa ni wako". Suruali ni ruhusa ya muda, kama kanivali. Mlango ukifungwa kila mtu anarudi kwenye kiti chake.

Ukitaka mwanamke anayevaa kiume bila kurudi nenda kwa Middleton na Dekker, The Roaring Girl, iliyochapishwa 1611. Moll hajifichi. Kila mtu anajua ni mwanamke, anavaa koti na upanga mchana kweupe, anakataa kuolewa, na mchezo unaisha hajaolewa. Tena Moll alikuwepo kweli: Mary Frith. Aliketi jukwaani katika jumba la Fortune akiwa na nguo za kiume na kupiga lute, na mwanzoni mwa 1612 alisimamishwa kufanya toba hadharani Paul's Cross.

#11 Binti Sitaha

Mzee wa Kola, na Viola je? Huyo haoni kiti cha kurudi. Ndiyo mada.

#12 Torati

Niongeze upande wa wapinzani. Andiko lao lilikuwa Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi ya mwanamume wala mwanamume asivae ya mwanamke. Stephen Gosson alilitumia 1582, Philip Stubbes 1583, na John Rainolds wa Oxford aliandika kitabu kizima kilichotoka 1599. Huyu Rainolds mwenyewe alipokuwa kijana, mwaka 1566, alivaa kike akacheza Hippolyta mbele ya Malkia Elizabeth huko Oxford. Alikijua alichokuwa akikipinga.

William Prynne alifuata mwaka 1633 na kitabu kikubwa kuliko vyote. Faharasa yake iliwaita waigizaji wa kike malaya, wakati Malkia Henrietta Maria alikuwa anaigiza kwenye kasri. Prynne alikatwa masikio.

Hapo naomba kurekebisha kitu ambacho husemwa mara nyingi: hakukuwa na sheria ya Bunge la Uingereza iliyowakataza wanawake kupanda jukwaani. Zile amri za mavazi za Elizabeth, mojawapo ya 1574, zilihusu cheo, nani avae hariri na nani avae mahameli, na zilifutwa 1604.

#13 Mgeni wa Jumanne

Sasa Torati umenichanganya. Kama hakukuwa na sheria, kwa nini wavulana?

#14 Njia ya Siena

Maelezo ni mengi na yanavutana. Wapo wanaosema ni mazoea ya vyama vya ufundi: kazi ilirithiwa kwa uanagenzi, na uanagenzi wa aina hiyo ulikuwa wa wavulana. Wapo wanaosema ni shule, kwa kuwa tamthilia za Kilatini zilichezwa na wanafunzi, na wanafunzi wote walikuwa wa kiume. Wengine wanasema ni ushindani wa makundi ya watoto, yale ya Kanisa la St Paul's na ya Chapel Royal, yaliyowazoesha watu wa London kumwona mvulana aliyefunzwa vizuri.

Ukivuka bahari mambo ni mengine. Roma kuna mkataba wa mwaka 1564 wenye jina la mwigizaji wa kike, Lucrezia wa Siena. Isabella Andreini wa kundi la Gelosi alicheza kichaa chake Florence kwenye harusi ya Medici mwaka 1589 na kuwaacha watu vinywa wazi. Hispania iliwaruhusu wanawake 1587. Mwingereza Thomas Coryat alipofika Venice mwaka 1608 aliandika kwamba aliona wanawake wakiigiza, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Na wanawake Wafaransa walipojaribu kuigiza katika jumba la Blackfriars, London, mwaka 1629, walizomewa.

#15 Corral ya Toledo

Hispania iwe na nafasi yake jamani, maana huko swali la gauni linageuka. Mwigizaji ni mwanamke kweli, anavaa suruali, na watu wanakuja kuangalia miguu. Lope de Vega katika shairi lake la 1609 kuhusu kutunga komedia anasema wazi kwamba mwanamke aliyevaa kiume hupendeza sana watazamaji. Wenye mamlaka walijaribu kuzuia mara kwa mara, wakitaka waigizaji wa kike wawe wameolewa na wasivae kiume, na katazo likawa linarudiwa. Katazo likirudiwa ujue halishiki.

Mfano bora ni Don Gil de las calzas verdes ya Tirso de Molina, iliyoonyeshwa Toledo 1615. Doña Juana ameachwa na Don Martín aliyekwenda Madrid kuoa tajiri kwa jina bandia la Don Gil. Juana anavaa suruali za kijani na kujiita Don Gil huyohuyo, na tajiri anampenda wa suruali za kijani. Kufikia mwisho wapo Don Gil wanne usiku mmoja chini ya dirisha moja. Rangi ndiyo inayobeba mtu. Yeyote akiivaa, ndiye.

Hii inamsaidia Pini: Viola na Sebastian hawawezi kufanana sura, mmoja wa kike mmoja wa kiume. Viola anasema wazi kwamba amemwiga kaka yake kwa mtindo, rangi na nakshi za nguo. Mtazamaji anaambiwa "uso mmoja, sauti moja, vazi moja", na kati ya hivyo vitatu kitu pekee ambacho kundi linaweza kukihakikisha ni vazi. Ukimvua Viola koti hilo dakika ya mwisho, umevunja pacha.

#16 Ngeli ya Kwanza

Nimesoma mabandiko yote. Kuna jambo mnalipita nalo ni letu.

Mchezo wa kujibadili unabebwa pia na lugha. Kwa Kiingereza kila "yeye" ina jinsia, kwa hiyo mhusika akikosea kiwakilishi siri imetoka. Kiswahili hakina hilo. "Amekuja", "anampenda", "mwambie aingie", hakuna anayejua ni wa kike au wa kiume. Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikuwa anampeleka Portia kwenye lugha ambayo nusu ya kujificha imekwisha fanywa na sarufi.

Lakini lugha hiyohiyo ina mtego ambao Kiingereza hakina: kuoa na kuolewa. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Kwetu Cesario akisema "nitaolewa" amekwisha. Chukueni ule mstari wa Viola mwisho wa onyesho alilotumwa mara ya kwanza kwa Olivia, bibi ambaye Orsino anamposa, kwamba yeyote atakayembembeleza kwa niaba ya bwana wake, yeye mwenyewe angetamani kuwa mke wa bwana huyo. Anausema peke yake, kwa hiyo "ningeolewa naye mimi" ni salama na ni tamu. Lakini mbele ya Orsino, anaposimulia kwamba baba yake alikuwa na binti aliyempenda mwanamume, mfasiri atatembea juu ya yai.

Kisha ule mstari maarufu: "mimi ndiye mabinti wote wa nyumba ya baba yangu, na wana wa kiume wote pia". Mtu akitumia "ndugu" ameua mstari, maana ndugu hana jinsia. Lazima atamke binti, lazima atamke mwana wa kiume, vigongane ndani ya sentensi moja.

#17 Mwanagenzi

Mkuu Ngeli, hili nalichukua. Linafungua hata Epicoene ya Ben Jonson, ya 1609. Jina lenyewe ni neno la sarufi ya Kilatini, nomino inayobeba jinsia zote mbili kwa umbo moja, kama "mtu" au "mtoto" kwetu. Morose hapendi kelele, anaoa mwanamke asiyesema, na akishaoa mke anaanza kusema bila kituo. Mwishoni mpwa wake Dauphine anamvua bibi harusi wigi, na ni mvulana. Daw na La Foole, waliokuwa wamejigamba kwamba wamelala naye, wanabaki wameumbuka.

Hapa mtazamaji hakuambiwa mapema, tofauti kabisa na Viola. Na waliocheza ni kundi la wavulana watupu! Wale mabibi wengine jukwaani nao ni wavulana wenye wigi, ila wao wigi haliguswi, wanabaki wanawake. Mmoja kavuliwa na mwenzake kaachwa, na tofauti iko kwenye wigi tu.

Vilevile vijitabu viwili vya 1620, Hic Mulier na Haec-Vir, ni mzaha wa upatanisho wa kisarufi: "huyu" wa kiume kawekwa mbele ya mwanamke, na "huyu" wa kike mbele ya mwanamume. Kwa Kiswahili hautafsiriki. Kwetu "huyu" ni mmoja.

#18 Kumbi Tatu

Kuna kitu cha sauti hakijaguswa. Viola mwanzoni anamwambia nahodha ampeleke kwa Orsino kama towashi kwa sababu anajua kuimba. Haimbi hata mara moja. Orsino anapotaka wimbo, Feste, mchekeshaji wa mchezo huo, anaitwa aimbe. Wako wanaosema sauti ya kijana ilikuwa imeanza kukwaruza, wimbo ukahamishwa. Wako wanaosema ni kwa sababu kundi lilikuwa limempata Robert Armin, mchekeshaji mwenye sauti, na usingemweka Armin benchi. Yote mawili yanawezekana, na yote mawili ni sababu za kazi, si za maana.

#19 Kibaraza cha Tatu

Mmenisukuma ukutani lakini sitoki. Nani kati yenu amegundua kwamba jina Viola halitamkwi jukwaani mpaka Sehemu ya Tano? Msomaji analiona kila ukurasa pembeni mwa maneno yake. Mtazamaji wa mwaka 1602 hakulisikia saa mbili nzima. Anayelitamka ni Sebastian: karibu Viola uliyezama. Kwa mtazamaji, mtu huyu ni Cesario. Hilo haliletwi na pini wala kamba, kuandika jina ni bure. Mwandishi alilizuia jina kama alivyolizuia gauni.

#20 Pini na Uzi

Jina nimekubali, hoja nzito. Gauni bado nasema ni muda.

Ila nikirudi kwenye maandishi kuna kitu kimenisimamisha. Tusimchanganye nahodha huyu na Antonio, yule aliyemwokoa Sebastian. Nahodha wa Viola yuko kifungoni kwa shauri la Malvolio. Orsino anasubiri Malvolio aeleze habari zake. Malvolio analetwa, anagundua barua iliyomfanya adhani Olivia anampenda ilikuwa ya uongo, anaapa kulipiza kisasi kwa wote, anaondoka. Orsino anaagiza afuatwe na kutulizwa, na sababu anayoitoa ni kwamba bado hajatuambia habari za nahodha. Kwa hiyo gauni la Viola limeshikwa na mtu aliyedanganywa avae soksi za njano na vikamba vya kukatiza miguuni, akidhani vazi hilo litamfanya bwana wa nyumba. Yeye peke yake mavazi ya kujibadili yamemwangusha.

#21 Binti Sitaha

Na hajarudi. Mchezo umeisha hajarudi.